Kubadili prosesa na grafiki za laptopu ya mtumba: mwongozo kamili kutoka Langoni

Wanaokuja mezani kwangu hapa Langoni, Lamu, na laptopu iliyofunguliwa nusu huwa na kisa kimoja. Wameagiza prosesa, ule ubongo wa mashine, Nairobi, kifurushi kimepanda basi hadi Mokowe, kikavuka kwa boti, na kilipofika kitu hakiingii. Au kimeingia, mashine ikawaka, lakini imekuwa nzito kuliko zamani. Wengine wamenunua kadi ya grafiki, ile inayochora picha za skrini, ya kompyuta ya mezani wakidhani fundi atajua pa kuipachika.

Mara nyingi kosa halikufanyika wakati wa kufungua skrubu. Lilifanyika siku ya kununua. Kwa hiyo nusu ya kwanza ya mwongozo huu ni ya kusoma mashine, na naomba usiiruke hata kama mikono inawasha.

Mfano wangu mkuu ni Dell Latitude E6430, laptopu ya mwaka 2012 ambayo imejaa madukani kwa wauza mitumba. Ni rahisi kufungua, na ina makosa yote ya kujifunzia. Kama yako ni nyingine, nitakuambia inapotofautiana.

## Vitu vya kuwa navyo mezani

- Bisibisi ndogo ya nyota, saizi PH0 na PH1, na bisibisi moja bapa nyembamba. Bisibisi iliyolika kichwa itupe leo. Skrubu za Lamu zimeshalainishwa na chumvi, na ukizikwangua vichwa utalala na mashine.
- Pesti ya joto, ile ya kupaka kati ya prosesa na chuma cha kuipoza, tyubu ndogo.
- Spiriti ya kusafishia. Ile ya asilimia 90 kwenda juu ndiyo nzuri. Ya duka la dawa ya asilimia 70 inafaa pia, mradi uiache ikauke kabisa.
- Kitambaa kisichotoa nyuzi, au karatasi ya chujio la kahawa.
- Brashi laini ya rangi, inchi moja, ambayo haijawahi kuguswa na rangi.
- Kadi ya plastiki iliyokwisha muda, kama ya benki ya zamani, ya kufungulia vishikizo.
- Sahani au karatasi yenye mchoro wa laptopu, ya kupangia skrubu mahali zilipotoka.
- Chaja halisi ya mashine hiyo, si ya kuazima. Utaona sababu mbele.
- Programu mbili za bure, CPU-Z ya kusoma aina ya vipande na HWiNFO ya kupima joto, uwe umezipakua tayari kabla ya kufungua chochote.

Dawa ya meno haimo kwenye orodha hii. Najua umeona video. Hukauka, hupasuka, na baada ya siku chache mashine inachemka upya.

## Hatua ya 1: Soma mashine kabla ya kutoa shilingi

Swali la kwanza ni moja tu: je, prosesa yako imekaa kwenye soketi, au imelehemiwa kwenye bodi kuu ya ndani? Iliyo kwenye soketi hutoka kwa kuzungusha skrubu moja. Iliyolehemiwa haitoki ila kwa mashine ya hewa moto na fundi aliyeizoea, na kwa laptopu ya bei hii haina faida.

Washa laptopu, fungua CPU-Z, tazama jina la prosesa na mstari unaotaja aina ya kifungashio. Ukiona herufi rPGA, iko kwenye soketi. Ukiona BGA, imelehemiwa, na habari ya prosesa imeishia hapo. Ruka hadi sehemu ya grafiki.

Herufi za mwisho za jina husaidia lakini hudanganya pia. Ikiishia na U, kama i5-4300U, imelehemiwa, hakuna mjadala. HQ vilevile. QM na MQ kwa kawaida ni za soketi. Mtego uko kwenye M. Prosesa ya i5-3320M iliyomo kwenye Latitude E6430 inatoka, lakini i5-3320M hiyohiyo ndani ya ThinkPad X230 imelehemiwa. Jina ni moja, miili ni miwili. Ndiyo maana nasema angalia modeli ya laptopu pia.

Kwa kumbukumbu yako:

Kizazi cha pili cha Intel, cha 2011, kipo kwenye Latitude E6420, ThinkPad T420 na EliteBook 8460p. Soketi ipo.

Kizazi cha tatu, cha 2012, kipo kwenye Latitude E6430 na E6530, ThinkPad T430 na EliteBook 8470p. Soketi ipo, inaitwa G2.

Kizazi cha nne, cha 2013, kinagawanyika. Latitude E6440 na ThinkPad T440p zina soketi, nayo ni G3, mpya, isiyopokea prosesa za G2. Lakini ThinkPad T440 isiyo na herufi p, na EliteBook 840 G1 ambayo kila mwanafunzi hapa anayo, zimelehemiwa.

Kizazi cha tano na kuendelea, prosesa zote za laptopu za Intel huja zimelehemiwa. Kama muuzaji amekuambia laptopu yako ya kizazi cha sita "inaongezeka prosesa", muulize ataipitisha wapi.

Jambo jingine linalowaponza watu: kizazi cha pili na cha tatu vinatumia soketi inayofanana kwa umbo, lakini bodi ya kizazi cha pili kwa kawaida haiitambui prosesa ya kizazi cha tatu. Itaingia vizuri, na skrini itabaki nyeusi. Kaa ndani ya kizazi chako.

Ukifaulu hatua hii utakuwa na karatasi imeandikwa: modeli kamili ya laptopu, jina la prosesa iliyopo, neno rPGA, na wati zake. Usinunue bila karatasi hiyo.

## Hatua ya 2: Chagua prosesa kwa kazi, si kwa jina i7

Tuseme E6430 yako ina i5-3320M. Hiyo ina viini viwili, yaani sehemu mbili zinazofanya kazi sambamba, inakwenda kasi ya gigahezi 2.6 na kupanda hadi 3.3, na inakula wati 35.

Ukiweka i7-3632QM unapata viini vinne, gigahezi 2.2 hadi 3.2, wati zilezile 35. Soma tarakimu hizo tena. Kwa kazi inayotumia kiini kimoja, kama kuandika barua au kufungua ukurasa mmoja, hutaona tofauti yoyote. Itaonekana unapohariri video ya harusi, kubana mafaili makubwa, au kuendesha programu nzito kadhaa kwa pamoja. Kama kazi yako ni kuandika na kuprinti, pesa hizo weka kwenye SSD, ile diski ya kasi isiyozunguka. Nimeshawarudisha watu nyumbani na prosesa yao ya zamani ndani na SSD mpya, wakarudi kunishukuru.

Kuna i7-3740QM yenye viini vinne na gigahezi 2.7 hadi 3.7. Inavutia. Ila inakula wati 45, na hizo kumi za ziada zote ni joto linalotakiwa kutoka kupitia tundu lilelile la feni. Kwenye chumba cha ghorofani Mkomani mwezi wa Februari, kaskazi imelala na feni ya dari imezimika, mimi huchagua ya wati 35 bila kufikiri mara mbili. Mwenye ofisi ya kiyoyozi na aamue mwenyewe.

Unaponunua, mwambie muuzaji akutumie picha mbili, ya mbele na ya nyuma. Nyuma lazima uone pini, msitu wa pini. Mimi mwenyewe niliwahi kupokea prosesa ambayo nyuma ilikuwa na vitone vya risasi badala ya pini. Jina sahihi, mwili wa kulehemiwa. Muuzaji akasema hajui tofauti, na nauli ya kurudisha ikanishinda. Hadi leo naitumia kuwaonyesha wateja.

Mbele ya kipande soma maandishi. Ukiona imeandikwa kwa Kiingereza kwamba ni siri ya Intel, hiyo ni sampuli ya majaribio ya kiwandani. BIOS nyingi, yaani programu ya ndani inayoamsha mashine kabla ya Windows, hazizikubali. Iache.

## Hatua ya 3: BIOS kwanza, prosesa ya zamani ikiwa bado ndani

Watu hufanya hii mwisho, wakati mashine haiwaki tena. Fanya sasa. Toleo jipya la BIOS huongeza orodha ya prosesa ambazo bodi inazitambua.

Pakua faili kutoka tovuti ya mtengenezaji wa laptopu, kwa modeli yako hasa. Dell inataka betri iwe na chaji na chaja ichomekwe kabla ya kukubali kusasisha. Hata isingetaka, wewe ungepaswa kutaka. Umeme ukikatika katikati ya kazi hii na betri ni mfu, bodi imekufa. Kama betri yako haishiki dakika kumi, azima nzima ya modeli hiyohiyo.

Ukiwa ndani ya BIOS, hakikisha haina nenosiri la kampuni ya zamani. Laptopu nyingi za mtumba zilitoka maofisini Ulaya na wengine walisahau kuondoa kufuli. Pia tazama mstari unaoeleza aina ya chaja. Uandike.

Mwisho, nakili mafaili yako kwenye diski ya nje. Prosesa haigusi mafaili, lakini mkono unateleza.

## Hatua ya 4: Fungua mashine

Zima kabisa, si kulaza. Chomoa chaja, toa betri, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde kumi ili umeme uliobaki uishe. Gusa chuma kilichogusana na ardhi, bomba la maji kwa mfano. Hewa yetu ya unyevu hupunguza umeme tuli, haiumalizi.

Usifanyie kazi barazani. Upepo wa kusi huleta mchanga, na punje moja ya mchanga wa Shela chini ya prosesa inatosha kupinda pini.

Kwenye E6430, geuza mashine, fungua skrubu za kifuniko cha chini, kisukume kidogo na kukiinua. Kila kitu kiko mbele yako: RAM (kumbukumbu ya muda), diski, feni, kipozeo cha shaba kinachoondoa joto la prosesa. ThinkPad T430 ni kinyume, unaingilia juu, kwa kutoa kibodi na sehemu ya kuwekea viganja. Hapo kuna nyaya bapa zenye kufuli ndogo ya plastiki. Inua kufuli kwanza, ndipo uchomoe waya. Anayevuta waya bila kuinua kufuli hununua kibodi.

Skrubu yenye kutu isiyosogea usiipige nguvu. Tia tone la mafuta ya cherehani kwa ncha ya sindano, subiri robo saa, ikandamize bisibisi chini kwa uzito wa mkono ndipo uzungushe.

Ukishafungua, tazama kati ya feni na mapezi ya shaba. Wiki chache nyuma nilifungua ya seremala mmoja wa milango. Ilitoka kipande kizima kama mkeka, unene wa biskuti: unga wa mbao, vumbi la chokaa la kuta zetu, na manyoya ya paka. Ukiushika haukatiki. Hewa ilikuwa haipiti kabisa, na mwenyewe alikuwa amekuja kutaka prosesa ya haraka zaidi kwa sababu "ami, hii imezeeka". Nilisafisha, nikabadili pesti, nikamrudishia. Hakuhitaji kingine.

Safisha sasa kwa brashi. Shika panga za feni kwa kidole zisizunguke.

## Hatua ya 5: Toa kipozeo na prosesa ya zamani

Skrubu za kipozeo zina namba zimechorwa kando, 1 hadi 4. Zilegeze kwa kurudi nyuma, 4, 3, 2, 1, kila moja nusu mzunguko, kisha rudia. Hazitoki kabisa, zimefungwa kwenye chuma, usizivute.

Sababu ya kwenda polepole ni hii: prosesa ya laptopu haina kofia ya chuma kama ya kompyuta ya mezani. Kile kioo cheusi kinachong'aa katikati ndicho chenyewe. Ukikiegemeza kipozeo upande mmoja, pembe inameguka, na hakuna gundi ya kuiponya.

Kipozeo kikigoma, pesti ya zamani imekauka. Zungusha kidogo kulia na kushoto, usikichomoe kwa nguvu kwenda juu.

Sasa unaona soketi. Pembeni yake kuna skrubu moja ya bapa, na michoro miwili ya kufuli, moja imefungwa na nyingine iko wazi. Zungusha nusu duara, kinyume cha saa, hadi alama ielekee kufuli lililo wazi. Utasikia legevu. Inua prosesa wima kwa kucha za vidole viwili. Inatoka bila kuvutwa. Ikikataa, skrubu haijafika mwisho.

Iweke kwenye kisanduku cha prosesa mpya, pini juu. Usiiuze bado.

## Hatua ya 6: Weka mpya

Tafuta pembetatu ndogo kwenye pembe moja ya prosesa. Soketi nayo ina pembe yenye alama, ambapo matundu yamepungua. Pembe kwa pembe.

Ishushe wima. Prosesa inapaswa kuanguka mahali pake kwa uzito wake wenyewe, kama kifuniko cha kopo kilichopata njia yake. Usibonyeze. Narudia kwa sababu mimi nilibonyeza. Mwaka wangu wa kwanza nilikuwa na haraka ya kuwahi boti ya Mokowe, prosesa ikakaa upande, nikaisaidia kwa kidole gumba. Pini tatu zikalala. Ilinichukua jioni nzima kuzisimamisha kwa kalamu ya risasi ya kubonyeza, ile tupu, unaivisha pini ndani ya tundu la kalamu na kuirudisha kidogo kidogo. Mbili zilisimama. Ya tatu ilikatika.

Kabla ya kuishusha, itazame ubavuni kwenye mwanga. Safu za pini lazima zinyooke kama mashamba ya minazi yaliyopimwa. Pini yoyote iliyo nje ya mstari inyooshe sasa.

Ikishakaa sawasawa pembe zote nne, zungusha skrubu ya soketi kurudi kwenye kufuli lililofungwa. Utahisi ugumu kidogo mwishoni. Hiyo ni sahihi.

## Hatua ya 7: Pesti na kipozeo

Futa pesti ya zamani kwenye kipozeo kwa spiriti hadi shaba ing'ae. Futa na kioo cha prosesa. Acha vikauke.

Weka pesti kiasi cha punje moja ya mchele katikati ya kioo. Nyingi si nzuri zaidi. Kazi yake ni kujaza vinyweleo kati ya chuma na kioo, na ikizidi inakuwa blanketi.

Shusha kipozeo mara moja, usikiinue tena kuangalia. Kaza skrubu kwa namba, 1, 2, 3, 4, nusu mzunguko kila moja hadi zifike mwisho. Rudisha waya wa feni. Huu husahauliwa kuliko kitu kingine chochote, na mashine itawaka, itakuambia feni haifanyi kazi, au itazima.

## Hatua ya 8: Washa, pima, usishangilie mapema

Usirudishe kifuniko bado. Weka betri, chomeka chaja, washa. Mara ya kwanza skrini inaweza kuchelewa, au mashine ikajizima na kujiwasha yenyewe. Subiri dakika mbili kabla ya kukata tamaa.

Skrini ikibaki nyeusi: zima, toa umeme, toa prosesa, angalia pini, rudisha. Bado nyeusi? Rudisha ile ya zamani. Ikiwaka, bodi yako ni nzima na tatizo ni kipande ulichonunua. Ndiyo maana nilikuambia usiiuze.

Ikiwaka, ingia BIOS uone jina jipya na viini vinne. Kisha ingia Windows, fungua HWiNFO. Mashine ikiwa imetulia, nyuzi 45 hadi 60 ni kawaida kwa hali yetu ya hewa. Sasa ipe mzigo: programu ya 7-Zip ina kipimo chake cha ndani, kiache kizunguke dakika kumi na tano. Ikikaa chini ya nyuzi 90, umefaulu. Intel imeweka mwisho wa prosesa hizi za kizazi cha tatu kwenye nyuzi 105. Ukiona 95 na inapanda, pesti haikushika au kipozeo kimekaa upande. Rudi hatua ya 7.

Sasa ile habari ya chaja. Plagi ya Dell ina sindano nyembamba katikati, na kupitia sindano hiyo laptopu huuliza chaja ina wati ngapi. Chaja ya bei rahisi isiyojibu, au sindano iliyovunjika, humfanya Dell aogope: betri haichaji, na prosesa inashushwa hadi gigahezi 1.2 hivi na kufungwa hapo. Mteja anakuja amenuna, "umeniwekea i7 ya bandia". Kabla ya kulaumu prosesa, ingia BIOS, tazama mstari wa chaja ulioandika hatua ya 3. Ukisema haijulikani, tatizo ni hilo. Kwa prosesa ya viini vinne tumia chaja halisi ya wati 90.

Windows kwa kawaida haiombi leseni upya, kwa sababu imefungamana na bodi. Ila fahamu kwamba msaada wa kawaida wa Windows 10 uliisha tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 haizitambui rasmi prosesa za zama hizi hata uweke i7 ya juu kabisa. Mimi naweka Linux, mfumo wa bure badala ya Windows, kwa anayekubali, na wengi wakishaizoea hawaulizi tena.

## Grafiki: hapa ndipo pesa hupotea

Nitasema wazi. Kwenye laptopu nyingi za mtumba, grafiki haibadilishwi. Iko ndani ya prosesa yenyewe. i5-3320M ina Intel HD 4000, na i7-3632QM ina Intel HD 4000 hiyohiyo. Umebadili prosesa, michezo yako imebaki palepale.

E6430 nyingine zina kipande cha NVIDIA NVS 5200M kando. Nacho kimelehemiwa. Kukipata lazima ununue bodi nzima na kipozeo chake tofauti, na kipande chenyewe kina viini 96 na gigabaiti 1. Haifai jasho.

Na ile mbinu ya kuhariri sajili ya Windows (registry, orodha ya mipangilio yake) ili "kuongeza kumbukumbu ya grafiki" hubadili namba inayosomeka tu. HD 4000 hujichotea RAM inavyohitaji.

Kuna njia tatu za kweli.

### Hatua ya 9: Kipande cha pili cha RAM

Hii ni ya bei nafuu, na ndiyo ya kwanza. HD 4000 haina kumbukumbu yake, inaazima RAM. Kipande kimoja cha DDR3 ya 1600 hupitisha gigabaiti 12.8 kwa sekunde. Viwili pamoja hupitisha 25.6. Kwa hiyo vipande viwili vya gigabaiti 4 ni bora kwa grafiki kuliko kimoja cha 8, na watu wananiuzia viwili vyao ili wanunue kimoja!

E6430 inapokea hadi gigabaiti 16. Kama mashine yako ni ya kizazi cha nne, hakikisha RAM imeandikwa PC3L, yenye L. Hizo zinataka volti 1.35, na ile ya volti 1.5 haitawaka.

Ukifaulu, CPU-Z kwenye ukurasa wa kumbukumbu itaonyesha njia mbili. Mchezo uliokuwa unakatakata utaona umelainika kwa macho yako mwenyewe.

### Hatua ya 10: Kadi ya MXM, kwa wenye laptopu nzito

Laptopu za wahandisi, kama HP EliteBook 8570w na Dell Precision M4700, zina kadi ya grafiki inayochomoka, ya mtindo wa MXM. Mojawapo ya mabadiliko salama ni kutoka Quadro K1000M yenye viini 192 kwenda K2000M yenye 384.

Masharti ni mawili. Kwanza, nunua kadi iliyotoka kwenye laptopu ya kampuni hiyohiyo. Kadi ya Dell ndani ya HP mara nyingi inakataa kuwaka au feni inakosa akili. Pili, linganisha umbo. Aina A ni milimita 82 kwa 70, aina B ni 82 kwa 105. Ndefu haiingii kwenye fupi.

Kazi yenyewe inafanana na ya prosesa: kipozeo, skrubu, pesti. Nyongeza ni vile vipande laini vya kijivu juu ya vipande vya kumbukumbu. Usiweke pesti mahali pake, kuna nafasi na pesti haitaijaza. Kama vimechanika, nunua vya unene uleule. Kadi huingia kwenye nafasi yake kwa mshazari, kama RAM, ndipo inalazwa.

Anayekuambia ataifufua kadi iliyokufa kwa kuioka kwenye oveni, mwache aoke mahamri. Ikifufuka ni kwa wiki.

### Hatua ya 11: Kadi ya nje

E6430 na baadhi ya T430 zina tundu la ExpressCard ubavuni. Kuna kifaa kinachochomekwa hapo na upande wa pili kinapokea kadi ya kompyuta ya mezani, pamoja na pawasaplai yake. Tundu hilo hupitisha gigabiti 5 tu kwa sekunde, kwa hiyo kununua kadi kubwa ni kumwaga maji baharini. GTX 750 Ti, ya wati 60, inatosha.

Washa pawasaplai kwanza, ndipo laptopu. Tumia skrini ya nje, kwa sababu kurudisha picha kwenye skrini ya laptopu kunakula njia ileile nyembamba. Windows ikitoa kosa namba 12, maana yake nafasi ya anwani ya kumbukumbu haikutosha. Punguza RAM kwa muda uone kama ndiyo sababu.

Binafsi nimefunga moja tu hapa Lamu, kwa kijana wa studio ya video. Umeme ulipokatika, kadi ilizima na laptopu ikabaki na betri, ikaganda na saa mbili za kazi yake ndani. Siku ya pili alikuja na UPS, betri ya akiba ya umeme, mkononi, akaniambia nimwonyeshe ipi ichomekwe kwanza.